Kola Iliyonunuliwa kwa Kadi

Mke wangu akiona kitu kipya haulizi bei yake. Anauliza kinafanyaje kazi, na ukimjibu nusu nusu umeumia, kwa sababu hatakuacha uende zako. Tuna duka la udobi, mimi na yeye. Yeye anafua, mimi napiga pasi, na wateja wenye haraka tunawajua kwa jinsi wanavyomkwepa macho. Aliwahi kumshikilia fundi wa mita za maji asubuhi nzima, mpaka maskini wa watu akafungua mita ya jirani ili amwonyeshe kile kigurudumu cha ndani. Wapo wanaosema ni mbea. Mimi ninayeishi naye tangu nikiwa na nywele kichwani nasema si mbea hata kidogo. Mambo ya watu hayamshughulishi. Anachotaka kujua ni mambo ya vitu.

Kwa hiyo siku karani wa benki alipokuja kuchukua mashati yake, akamwambia kwamba sasa anastahili kupewa kadi ya mkopo, nilijua pasi yangu itapoa. Karani huyu ni mtu mzima, mpole, na kasoro yake pekee ni kusahau kalamu mifukoni.

"Hizo pesa za kwenye kadi ni za nani?" mke wangu akamwuliza.

"Za benki, mama."

"Na benki inajua kwamba nitazitumia?"

"Ndiyo kazi yake. Unatumia leo, unairudishia mwisho wa mwezi."

"Bila riba?"

"Ukinunua kitu, ukalipa kwa wakati, hakuna riba. Ila ukitoa pesa taslimu, au ukimtumia mtu, hapo kuna makato, na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo."

Mke wangu akaweka kapu chini. "Yaani nikinunua sabuni benki inanichekea, nikimpa rafiki inaninunia. Kwa nini?"

Karani akaeleza. Alieleza akiwa amesimama, akaeleza akiwa ameketi kwenye kiti changu, akaeleza mpaka akaanza kujiuliza mwenyewe. Alichoambulia mke wangu ni kwamba benki inamwamini muuza duka kuliko inavyomwamini rafiki, na jambo hilo lilimkera kwa siku kadhaa. Kadi akaichukua hata hivyo. Nilipinga, nikasema tulikuwa na madeni ya kututosha. Akanijibu kwamba hana nia ya kuitumia, anataka tu kuiona ilivyo. Akaitia kwenye droo ya nyuzi, na mara moja moja nilimkuta ameishika dirishani, anaigeuza geuza, anakikuna kile kidude chake kinachong'aa kwa ukucha.

Aliyemfanya aitumie ni Povu.

Povu ni rafiki yake tangu walipokuwa wasichana wakifua kwenye hoteli moja kubwa. Jina alilipata siku ya kwanza kazini, alipomimina sabuni bila kupima, povu likatoka chini ya mlango likawafuata wageni hadi mapokezi. Baadaye alihamia nchi ya mbali akaajiriwa kufua mashuka ya hospitali, kwenye chumba chenye mashine kubwa zinazonguruma mchana kutwa. Kila Jumapili walikuwa wanapigiana simu. Mke wangu alikuwa anageuza beseni, anakalia, na hapo mimi hata chai nilijipikia.

Kisha masikio ya Povu yakaanza kwenda. Yalikwenda taratibu, kelele za zile mashine zikiyala. Ukimwambia mvua imenyesha, anakujibu hajambo, amekua. Mwanzoni tulicheka. Baadaye hakuna aliyecheka, na simu za Jumapili zikaisha. Wakabaki wanawasiliana kwa namna ya ajabu: Povu anarekodi sauti yake anaituma, akipaza kwa sababu hajisikii mwenyewe, na mke wangu anajibu kwa kuandika. Na kuandika mke wangu hakupendi. Alikuwa anaweka simu kando, anajifuta mikono na kusema, "Nimechoka kuongea na mtu kwa vidole." Alikuwa na huzuni, na hakuificha.

Siku moja ikaja sauti ya Povu, nusu anacheka nusu analia. Mtaalamu wa masikio kampatia vifaa vya kuvaa ndani ya sikio. Amevijaribu dakika chache akasikia viatu vyake mwenyewe vikigonga sakafu. Ila pesa zake hazijatimia, na mtaalamu anamwekea mpaka Jumamosi tu, kwani kuna mgonjwa mwingine anavisubiri. Vingine havijulikani vitakuja lini. Tena amemwambia kwamba sikio likikaa sana bila kusikia linasahau kazi yake, na hapo hata ukilivalisha kifaa halitakuwa na faida kubwa.

Hakuomba chochote. Alikuwa anahadithia tu. Lakini mke wangu alikuwa ameshafungua droo ya nyuzi.

Pesa taslimu hatukuwa nazo, tulikuwa tumezimaliza kwenye mashine ya kufulia ya mtumba. Kwa hiyo akaitia kadi kwenye ile programu ya simu ambayo Povu huitumia huko aliko, akaandika kiasi, na simu ikamwuliza pesa hizi ni za nini. Majibu yalikuwa mawili: kumtumia ndugu au rafiki, au kulipia bidhaa au huduma.

"Pesa hizi ni za nini?" akaniuliza mimi.

"Za vifaa vya masikio," nikasema bila kuinua pasi.

"Kifaa ni bidhaa?"

"Ni bidhaa."

"Basi." Akabonyeza. Makato hayakuwepo, na yeye akafurahi kwamba kwa mara ya kwanza benki haikumnunia.

Kesho yake, Jumanne, alikuwa amezamisha mikono kwenye maji ya moto simu ilipolia. Akaichungulia. Ilikuwa imeandikwa: Je, umepokea bidhaa yako kutoka kwa muuzaji? Mke wangu akabonyeza Hapana kwa kiwiko, akaendelea kufua.

Watu wa nje ya kazi yetu hawawezi kuelewa. Zamani, kule hotelini, aliletewa furushi la mapazia akaambiwa ni pea fulani, naye akaitikia kwamba amepokea bila kulifungua. Ndani yalipungua. Alikatwa mshahara mpaka akasahau mshahara kamili unafanana vipi. Tangu hapo mke wangu hasemi amepokea kitu asichokishika kwa mkono. Mteja akimwambia "nimeweka suruali nne," anamjibu "subiri," anamwaga kila kitu mezani, soksi na yote. Kwa hiyo alipoulizwa kama amepokea, jibu lilitoka kabla hajafikiri. Hakuwa amepokea kitu.

Simu ikamshukuru. Ikamwambia ipo upande wake, na kwamba malipo yamezuiwa mpaka muuzaji atakapomletea alichonunua.

Haikupita muda ikaingia sauti ya Povu, kubwa hata wateja wawili waliokuwa kaunta wakageuka. "Mwenzangu! Hawa watu wananiambia kuna kitu nimekuuzia na sijakuletea! Wananiita muuzaji! Nimekuuzia nini mimi?"

Nilicheka mpaka nikaunguza mkono wa shati. Kisha nikaelewa, na kicheko kikanikauka.

"Bonyeza Ndiyo," nikamwambia. "Si unaweza kubadilisha jibu? Bonyeza Ndiyo tuendelee na kazi."

"Nimepokea nini?"

"Hujapokea kitu! Bonyeza tu!"

"Sibonyezi."

Tuligombana. Mimi nina hasira za karibu, na mbele ya pasi ya moto si jambo jema. Mwisho tukamwita karani wa benki, akaja jioni baada ya kazi, akasoma kila kitu na kutikisa kichwa. Alituambia mama asidanganye. Akisema amepokea kitu ambacho hakipo, na benki ikajua, wanaweza kumfungia kadi na akaunti pia. Tukamwuliza je, tukifuta tukatuma upya kwa mlango wa rafiki? Akasema kufuta kunawezekana, ila pesa zitachukua wiki mbili kurudi, na kadi imeshafika kikomo. Jumamosi itakuwa imepita zamani.

Mke wangu hakulia. Alichukua simu akaanza kuyasoma yale maneno tena, polepole, kama anavyosoma vile vibandiko vya nyuma ya shingo vinavyosema nguo isifuliwe hivi wala vile.

"Na hii huduma," akasema, "inapokelewaje?"

"Huduma yoyote," karani akasema. "Ukifuliwa nguo, umehudumiwa. Ukifundishwa kazi, umehudumiwa. Siku hizi watu wanauza hata ushauri."

"Hata kwa simu?"

"Hata kwa simu, mama, mradi kweli umeupata."

Akaishusha simu, akamtazama karani. Namjua mke wangu akitazama namna ile, na sikupenda. Akaandika maneno machache akatuma, nami nikayasoma juu ya bega lake. Alikuwa ameandika: Niuzie ile siri ya kola.

Kola hizo nilizisikia tangu uchumba. Meneja wa ile hoteli alikuwa anapaka nywele rangi nyeusi, na rangi ilikuwa inamwachia mstari kwenye kola za mashati yake meupe, mstari usiosikia sabuni wala dawa. Kila dobi alishindwa. Povu peke yake alikuwa anaziingiza chumba cha pili zikiwa chafu, anazitoa zikiwa nyeupe. Kwa sababu ya kola hizo Povu akafanywa mkuu wa chumba cha pasi, akatoka kwenye maji ya moto, na mke wangu, ambaye alikuwa ametangulia kazini na aliitaka sana nafasi ile, akabaki kwenye beseni. Hawakukosana. Ila mke wangu alimwuliza siri yake miaka yote, naye Povu alikuwa anacheka anabadilisha mazungumzo. Na miaka yote mke wangu amekuwa akijaribu: ndimu, siki, majivu, dawa za chupa zilizomchubua vidole. Kola za wateja wetu wenye kupaka rangi nywele ndizo zinazomnyima raha duniani.

Povu hakujibu siku ile. Jumatano hakujibu. Alhamisi nayo ikafika katikati, kimya.

"Mtu anatafuta masikio, wewe unatafuta kola!" nikamwambia. Niliona amefanya ukatili na nikamwambia hivyo hivyo.

"Nalipia. Sijaomba bure."

"Umemkaba mtu aliyebanwa."

Lakini nilimwona: simu aliihamishia mfuko wa aproni, na kila inapotikisika alikuwa anaacha nguo inaelea. Alasiri akaja akasimama karibu na meza yangu. "Nilidhani atacheka," akasema. "Nilidhani atafurahi kwamba tumepata njia. Kama amekasirika nikampoteza, nitafanyaje?" Aliogopa, mke wangu huyu asiyeogopa hata mafundi umeme.

Sauti ya Povu iliingia Ijumaa asubuhi. Hakuwa anapiga kelele kama kawaida yake. Nadhani alikuwa ameweka simu mdomoni kabisa.

"Mwenzangu, kaa chini. Sikuwa nafua. Ile rangi haitoki, usijisumbue, hakuna dawa inayoitoa. Nilikuwa nafumua kola saa ya chakula, naigeuza, upande wa chini unakuja juu, naishona tena. Meneja hakuwahi kuangalia upande wa pili. Lakini subiri. Shati lililokwisha kugeuzwa, likichafuka tena, halikuwa na upande uliobaki. Hayo ndiyo niliyokuwa nakuletea wewe. Nilikuwa nakwambia jaribu na wewe bahati yako. Nilijua utashindwa, na nilijua meneja atakuona umeshindwa. Nilikuwa na mimba, nimechoka kusimama kwenye maji ya moto, na nafasi ilikuwa moja. Kola ningekwambia zamani. Hilo la pili ndilo lililonifunga mdomo. Sasa umepata ulichokinunua. Usipotaka kubonyeza, usibonyeze, nitakuelewa."

Tulisikiliza tumesimama. Mke wangu akairudia mara moja, kisha akaweka simu juu ya rafu ya sabuni na kutoka kwenda uani kwenye kamba za kuanikia.

Sasa nikupe picha ya mumewe. Mimi niliyekuwa nabweka tangu Jumanne kwamba abonyeze Ndiyo, damu ilinipanda. Nilimfuata uani nikamwambia asibonyeze. Amwache Povu na uziwi wake. Nilivikumbuka vile vidole vilivyochubuka, nikakumbuka jioni ngapi nilimkanda mgongo mwanamke huyu akiwa bado binti, wakati mwenzake ameketi kwenye kiti cha mkuu wa chumba.

"Alinipa yale yaliyokwisha kushindikana," mke wangu akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Nililia kwa ajili ya yale mashati. Naye ndiye alikuwa ananifuta machozi."

"Basi mwache."

"Nyamaza kidogo."

Akarudi ndani. Akachukua shati langu moja kuukuu lenye kola iliyochoka, akawasha taa ya cherehani lakini cherehani hakuitumia. Alichukua sindano. Nikamwuliza anafanya nini saa kama hii, na Jumamosi imetukalia mlangoni.

"Nataka kuona kama ni kweli."

Nilitaka kupiga ukuta ngumi. Alifumua uzi mmoja mmoja, kola ikatoka. Akaigeuza, akaibana kwa pini, akaanza kushona. Wateja walikuja wakaondoka, mimi nikawahudumia, nikahesabu soksi za watu kwa kukosea. Mara mbili alifumua akaanza upya. Mchana ulikwisha, chakula hatukula. Aliponiletea nikapiga pasi, nikalivaa, nikaenda kwenye kioo. Lilikuwa safi, jeupe, na limekaa upande. Ncha moja ya kola ilikuwa inatazama sikio langu.

Mke wangu akanizunguka, akaishika ncha ile, akaivuta, ikarudi pale pale.

"Mimi nimetumia siku nzima," akasema. "Nimeketi kwenye kiti, na mwanga wa kutosha. Yeye alikuwa na saa ya chakula tu, na mimba, kwenye kile chumba cha mvuke. Na huwezi kuona uzi wake umepita wapi. Mimi nilizishika zile kola kwa mkono wangu mwenyewe, nikazitazama karibu, sikuona kitu." Akatikisa kichwa. "Fundi yule. Mwizi, lakini fundi."

Akafuata simu kwenye rafu. Ikamwuliza tena kama amepokea. Akajifuta mikono kwanza, akabonyeza Ndiyo kwa kidole, siyo kwa kiwiko.

Simu haikuridhika. Ikamtaka ampe muuzaji nyota, kuanzia moja mpaka tano. Akafikiri, akampa nne.

"Umesamehe halafu umebana nyota moja?" nikamwuliza.

"Nani kakwambia nimesamehe yote? Moja ni ya yale mashati. Hiyo atanidai mpaka nife."

Pesa zilimfikia Povu Ijumaa hiyo hiyo, kwake kukiwa bado mchana. Alituma maneno mawili tu ya maandishi, nimepata, ahsante, na baada ya hapo kimya. Jumamosi kimya. Jumapili mke wangu alifua tangu asubuhi nguo ambazo zingeweza kungoja Jumatatu, akajaza kamba zote za uani.

Alikuwa na vibanio mdomoni simu ilipolia. Siyo mlio wa ujumbe. Ililia mfululizo, ya kupigwa. Nikakimbia nayo uani nikamwekea sikioni.

"Mwenzangu." Ilikuwa sauti ya Povu, ya chini, ya kawaida kabisa, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu. "Sema kitu."

Mke wangu akatema vibanio. Yeye ambaye hajawahi kukosa swali tangu azaliwe, alitafuta la kuuliza akapata moja tu.

"Niseme nini?"

"Chochote. Nataka nikusikie."

Akatazama huku na huku. "Hapa kwenye kamba," akaanza, akakohoa. "Hapa kuna shati la mwalimu, lile la mistari. Kuna mashuka mawili ya yule bibi wa ghorofani, moja nimelitia kiraka pembeni. Kuna soksi, moja tu, nyingine sijui iko wapi."

"Ya rangi gani?"

"Kahawia."

Tulisikia Povu anavuta pumzi, anavuta tena.

"Unanisikia?" mke wangu akauliza.

"Nakusikia. Endelea."

Mke wangu akainama akapita chini ya mashuka, akasogea kwenye kamba ya pili.